Kizibo si Kipimo: Sentimita, Mililita na Lita kwa Mfugaji

Kipeperushi kwa kaya za wafugaji wa Uwanda wa Juu wa Ufipa na Bonde la Ziwa Rukwa



Lebo ya dawa ya mifugo huongea kwa mililita, kilo na lita. Nyumbani kwetu tuna kizibo, kijiko, kopo, dumu na ndoo. Hasara nyingi huanzia hapo katikati. Dawa inaweza kuwa nzuri na umeinunua kwa pesa halali, lakini kipimo kikapotea kabla haijamfikia mnyama.

Dawa ikipungua, kupe na minyoo dhaifu hufa, wagumu hubaki na kuzaana. Baada ya muda dawa ile ile haiwaui tena. Huo ndio usugu, na hauishii kwenye zizi lako, unafika kwa jirani mnayechunga naye. Dawa ikizidi, mnyama anaweza kudhurika au kufa kwa sumu, na mabaki yake hukaa kwenye maziwa na nyama kwa muda mrefu kuliko lebo inavyosema. Ndigana kali, ambayo huletwa na kupe wa masikio na huua ndama wengi, haizuiliki kwa dawa ya kuogeshea iliyochanganywa kwa kukisia.

Hesabu inayohitajika si ngumu. Mtoto wako aliye shule ya msingi anaiweza, na kikokotoo kipo hata kwenye simu ya kitochi. Kanuni ni moja: kabla ya kuzidisha au kugawanya, weka namba zote kwenye kipimo cha aina moja.

1. VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Urefu:
- Milimita 10 ni sentimita 1.
- Sentimita 100 ni mita 1.

Ujazo:
- Mililita 1,000 ni lita 1.
- Lita 1,000 ni mita ya ujazo 1, yaani sanduku lenye mita moja kila upande.
- "Sisi" moja (cc) iliyoandikwa kwenye bomba la sindano ni sawa na mililita 1. Ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Urefu na ujazo vimeunganishwa. Kisanduku chenye sentimita 10 urefu, sentimita 10 upana na sentimita 10 kina hujaa lita 1 kamili. Kwa sababu hiyo unaweza kujua lita za birika au josho kwa kutumia futi kamba tu, bila kuchota ndoo hata moja.

Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha. Ukitoka kidogo kwenda kikubwa, gawanya. Lita 15 ni 15 × 1,000 = mililita 15,000. Sentimita 140 ni 140 ÷ 100 = mita 1.4. Jikague hivi: kipimo kikiwa kidogo, namba lazima iwe kubwa. Ukiona lita 15 zimekuwa mililita 0.015, umegawanya mahali pa kuzidisha.

Chagua kipimo kinachofaa kitu unachopima:
- Kifua cha ng'ombe au mbuzi: sentimita.
- Birika, josho na zizi: mita.
- Dawa: mililita.
- Maji ya kuchanganyia, maji ya kunywa na maziwa: lita.
- Lambo: mita za ujazo.

Angalia nukta kwa makini. Mililita 0.7 (sifuri nukta saba) haifiki hata mililita moja. Ukiiruka nukta ukasoma 7, umempa mnyama dawa mara kumi. Ukimwandikia mtu dozi, usiandike ".7", andika "0.7", maana nukta iliyokaa peke yake mwanzoni hupotea kirahisi.

2. KUJUA UZITO KWA KUTUMIA KAMBA

Dozi nyingi huenda kwa uzito, na mizani ya ng'ombe haipatikani kila kijiji. Kukadiria kwa macho kunadanganya: fahali aliyenona huonekana mzito kuliko alivyo, na mwenye manyoya mengi wakati wa baridi huonekana hivyo hivyo. Tumia utepe wa fundi cherehani. Kama huna, chukua kamba isiyovutika, kisha uipime kwa rula ya shule ya sentimita 30.

Hatua za kufuata:
(a) Msimamishe mnyama mahali tambarare, miguu yote minne sawa, kichwa hakijainama.
(b) Zungushia utepe kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu. Ukaze ugusane na ngozi bila kumbana.
(c) Pima urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa makalio, upande mmoja.
(d) Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Mfano. Maksai ana kifua sentimita 140 na urefu sentimita 120:
140 × 140 = 19,600
19,600 × 120 = 2,352,000
2,352,000 ÷ 10,840 = karibu kilo 217

Mbuzi mwenye kifua sentimita 70 na urefu sentimita 62:
70 × 70 × 62 = 303,800
303,800 ÷ 10,840 = karibu kilo 28

Hesabu hii inakupa makadirio, lakini ni bora kuliko jicho. Ina masharti mawili.

Kwanza, namba ya 10,840 ni ya sentimita peke yake. Utepe wa fundi cherehani una pande mbili, moja ya sentimita na nyingine ya inchi. Kifua cha sentimita 140 kikisomwa upande wa inchi ni kama 55. Ukiingiza 55 kwenye hesabu na kuacha urefu wa 120, maksai wako atakuwa na kilo 33, sawa na mbuzi. Jibu likikushangaza, usilitumie. Geuza utepe usome tena.

Pili, kifua kinazidishwa mara mbili, kwa hiyo kosa dogo linakua. Maksai yule yule akipimwa sentimita 145 badala ya 140, atahesabiwa kilo 233, yaani kilo 16 za ziada. Pima mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili, pima mara ya tatu.

3. KUTOKA KILO KWENDA MILILITA

Hesabu ni hii: uzito wa mnyama, gawanya kwa kilo zilizotajwa kwenye lebo, zidisha kwa mililita zilizotajwa.

Mfano wa dawa ya minyoo ya kunywesha. Lebo inasema mililita 7.5 kwa kila kilo 100. Maksai ana kilo 217, mhesabu kama 220:
220 ÷ 100 = 2.2
2.2 × 7.5 = mililita 16.5

Mfano wa sindano. Lebo inasema mililita 1 kwa kila kilo 50. Ndama ana kilo 35:
35 ÷ 50 = mililita 0.7

Sasa chagua bomba. Bomba la mililita 20 kwa kawaida lina mistari ya mililita moja moja, kwa hiyo 0.7 haionekani pale. Bomba la mililita 2 lina mistari ya 0.1, na 0.7 ni mstari wa saba. Dozi ndogo ipimwe kwa bomba dogo, dozi kubwa kwa bomba kubwa. Kabla ya kuvuta dawa, hesabu mistari iliyopo kati ya namba mbili ujue kila mstari una thamani gani. Toa mapovu ya hewa, kisha soma kwenye ukingo wa mpira ulio upande wa sindano.

Angalia asilimia ya dawa. Dawa ya minyoo aina ya albendazole huuzwa ikiwa na nguvu tofauti, kwa mfano asilimia 2.5 na asilimia 10. Mililita 10 za asilimia 10 zina dawa sawa na mililita 40 za asilimia 2.5. Mfugaji aliyezoea chupa ya mwaka jana akinunua chupa mpya yenye nguvu tofauti na kunywesha "kama siku zote", atapunguza dozi mara nne au kuizidisha mara nne. Jina la dawa halitoshi, soma na asilimia yake.

Mambo mengine ya kuzingatia:
- Unaponywesha, usiinue kichwa cha mnyama juu sana. Dawa ikiingia kwenye njia ya hewa hufika mapafuni.
- Jike aliyepandwa karibuni asipewe albendazole bila kumuuliza mtaalamu. Dawa hiyo inaweza kudhuru mimba changa.
- Dawa za sindano zitumike kwa maelekezo ya daktari wa mifugo au afisa mifugo.
- Lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Ziandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.

4. KUCHANGANYA DAWA YA KUOGESHEA

Hapa ndipo lita na mililita hukutana, na hapa ndipo kizibo kinapoharibu kazi. Vizibo vya chupa mbalimbali havilingani, na hata kizibo kimoja mtu mmoja hukijaza mpaka ukingoni na mwingine hukiachia nafasi.

Lebo nyingi huandika uwiano, kwa mfano 1:500. Maana yake ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 500 za maji. Geuza maji yawe mililita, kisha gawanya. Kwa bomba la mgongoni la lita 15:
Lita 15 × 1,000 = mililita 15,000
15,000 ÷ 500 = mililita 30 za dawa

Kwa wepesi, andika jedwali hili ulibandike ndani ya mlango wa stoo:

Uwiano 1:500: mililita 2 kwa lita 1, 30 kwa lita 15, 40 kwa lita 20.
Uwiano 1:1,000: mililita 1 kwa lita 1, 15 kwa lita 15, 20 kwa lita 20.
Uwiano 1:2,000: mililita 0.5 kwa lita 1, 7.5 kwa lita 15. 10 kwa lita 20.

Lebo ya dawa uliyonunua ndiyo inayosema utumie mstari upi.

Fanya hesabu kabla ya kwenda dukani. Una ng'ombe 12 wakubwa na umepanga lita 5 kwa kila mmoja. Utahitaji lita 60, sawa na mabomba manne ya lita 15. Kwa uwiano wa 1:500, hiyo ni mililita 120 za dawa. Chupa moja ya mililita 100 inatosha lita 50 tu. Wengi hununua chupa hiyo moja na kuinyoosha ifike mabomba manne, yaani mililita 25 kila bomba badala ya 30. Ng'ombe wote wameoga, lakini hakuna hata mmoja aliyeoga dawa kamili. Kama pesa haitoshi chupa ya pili leo, ogesha ng'ombe 10 kwa kipimo sahihi na wawili waliobaki waoge mara tu dawa itakapopatikana.

Angalia pia lita kwa kila ng'ombe. Bomba la lita 15 likiwamaliza ng'ombe 15, kila mmoja amepata lita 1, na lita 1 haimloweshi ng'ombe mkubwa mpaka kwenye ngozi. Hakikisha dawa inafika ndani ya masikio, kwapani, kwenye kiwele au korodani na chini ya mkia.

Namna ya kuchanganya: vaa glovu, weka maji nusu ya bomba, pima dawa, mimina, kisha ongeza maji mpaka alama ya lita 15. Dawa zilizobaki na maji ya kuoshea bomba yasimwagwe mtoni wala kisimani. Dawa nyingi za kupe ni sumu kali kwa samaki, na vijito vingi vya huku juu hutelemka mpaka Ziwa Rukwa.

5. JOSHO LA KIJIJI

Kamati ya josho hutumia kijiti chenye alama za lita, na hicho ndicho kipimo cha kutegemea, kwa sababu josho si sanduku: lina ngazi na mteremko. Lakini alama zikifutika, au mvua ikiongeza maji, futi kamba inaweza kusaidia kukadiria maji yaliyoingia.

Mfano. Sehemu ya juu ya maji ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.2. Baada ya kuongeza maji, kina kimepanda sentimita 10. Usizidishe bado, maana mita na sentimita haziendi pamoja. Geuza kwanza: sentimita 10 ni mita 0.1.
12 × 1.2 × 0.1 = mita za ujazo 1.44
1.44 × 1,000 = lita 1,440

Lebo ikisema 1:1,000 kwa kujazia, dawa inayohitajika ni lita 1.44, yaani mililita 1,440. Aliyesahau kugeuza atazidisha kwa 10 badala ya 0.1, na jibu lake litakuwa lita 144,000, mara mia moja zaidi. Kwa dawa, hilo ni pipa zima la sumu.

Dawa nyingi zina kipimo kimoja cha kuanzia josho jipya na kingine cha kujazia. Mwandishi wa kamati aandike kwenye daftari la josho: tarehe, lita za maji zilizoongezwa, mililita za dawa na idadi ya mifugo iliyopita.

6. BIRIKA LA MAJI NA NDOO YA MAZIWA

Birika lenye urefu wa mita 3, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40: geuza yote yawe mita, yaani 3 × 0.5 × 0.4 = mita za ujazo 0.6, sawa na lita 600. Kama ng'ombe wako hunywa wastani wa lita 30 kwa siku, birika hilo linatosha ng'ombe 20. Wale wanaokaa bondeni kwenye joto watahitaji zaidi ya walio huku juu.

Maziwa pimeni kwa lita. Kikombe hakisemi kweli. Ndama anayenyweshwa kwa chupa au ndoo hupewa kwa siku maziwa kama asilimia 10 ya uzito wake: ndama wa kilo 30 apate lita 3, zikigawanywa asubuhi na jioni, lita 1.5 kila mara. Kwa kuuza, tumia kipimo kilichokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ambao husimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Kipimo cha kweli kinamlinda mnunuzi, na kinakulinda wewe dhidi ya mnunuzi anayekuja na kopo lake.

Lita na kilo ni vitu viwili. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Dawa ya unga ikiandikwa gramu, ipime kwa mizani au kwa kijiko kilichotoka ndani ya pakiti yake. Usiigeuze kuwa mililita.

7. TENGENEZA VIPIMO VYAKO

Weka vitu vitatu kwenye boksi la dawa: bomba la mililita 2, bomba la mililita 20 na kikombe cha kupimia chenye alama. Kisha fanya kazi hii mara moja tu:

- Chukua chombo ambacho una hakika kinabeba lita 1. Jaza maji na umimine kwenye ndoo mara 20, ukihesabu kwa sauti. Weka alama kwa rangi ya mafuta pale maji yalipofika. Usitegemee ukingo, maana ndoo au dumu la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni huweza kupita lita 20.
- Fanya hivyo hivyo kwa bomba la mgongoni kama alama zake zimefutika.
- Vyombo hivi visirudi jikoni. Viandike DAWA kwa herufi kubwa. Usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hatajua.

KABLA YA KUMGUSA MNYAMA, JIULIZE

1. Nimesoma jina la dawa na asilimia yake?
2. Nimepima kifua kwa sentimita, siyo inchi?
3. Namba zangu zote ziko kwenye kipimo cha aina moja?
4. Nukta iko mahali pake?
5. Bomba nililoshika linaonyesha dozi hii vizuri?
6. Jibu linaingia akilini? Ndama asipate dawa nyingi kuliko mama yake.

Ukikwama kwenye swali lolote, simama hapo hapo. Beba chupa yenye lebo yake pamoja na karatasi ya hesabu, uende kwa afisa mifugo wa kata yako. Kuuliza hakulipiwi, na dawa iliyo ndani ya chupa bado inaweza kusahihishwa. Ikishaingia mwilini mwa ng'ombe, hairudi.